Wageni wa Evaristo

Loredana hakupenda kuitwa mtalii. Mtalii, kwake yeye, alikuwa mtu wa Agosti: kofia ya majani, aiskrimu inayomwagikia vidole, na safari ya kufuata bendera ya kiongozi kama vifaranga wa bata. Yeye alikwenda mahali wenzake wakishaondoka. Kila Februari alifunga duka lake la miwani kule Modena, akamchukua mdogo wake wa kike, Nives, wakapanda gari kwenda kutafuta mji fulani wa kale ambao baridi imeufagia watu. "Mji hauonyeshi uso wake mbele ya umati," alizoea kuwaambia wateja, na wateja, wakiwa wameegemeza kidevu kwenye mashine ya kupimia macho, hawakuwa na namna ya kubisha.

Nives alikuwa dereva wa basi la shule. Hakuwa na hamu kubwa ya kuta za kale, lakini alimpenda dada yake, na tangu mama yao afariki walikuwa wamebaki wawili tu. Basi akakubali kuendesha, akakubali kutembezwa, na alipochoka alitania.

Mwaka huo walikwenda Serrafosca, mji mdogo uliokaa juu ya mwamba katika milima ya Abruzzo. Ukuta wake mzima, lango lake zima, nyumba zake zimebanana vilevile tangu enzi za mabwana wa mapanga na farasi. Kiangazi mabasi hujaa chini ya lango. Februari hubaki wenyeji wachache, wengi wao wazee, na ukungu unaoingia vichochoroni asubuhi na kuondoka unapotaka wenyewe.

Walifikia kwa Iole, mwanamke mpana wa mabega aliyekuwa na nyumba pekee ya wageni iliyobaki wazi. Asubuhi, akiwamiminia kahawa, Iole aliwaambia mambo mawili. La kwanza, kwamba Nyumba ya Mfumaji, makumbusho ya mji, iko juu, mlango wa tatu baada ya kisima cha mawe. Msimu huu haina mlinzi, wasukume tu mlango waingie, ila wasishtuke, kwa kuwa ndani mna masanamu ya nta yaliyovishwa nguo za watu. La pili, kwamba mchana hatawapikia, kuna msiba mjini.

La kwanza Loredana alilisikia. La pili lilimpita sikioni, kwa sababu wakati huo alikuwa ameinua simu anapiga picha boriti ya dari iliyochongwa vichwa vya simba.

"Pole sana," Nives alimwambia Iole.

"Alikuwa mtu mzima," Iole akajibu. "Lakini mtu ni mtu."

Wakapanda kichochoro. Kwenye ukuta wa kanisa palikuwa na karatasi yenye mpaka mweusi, gundi yake bado mbichi, inayotangaza jina la aliyefariki. Loredana alivutiwa na ukuta. Alirudi nyuma, akainama, akasogea upande mpaka akapata namna ya kuyapiga picha mawe bila karatasi kuingia.

"Tungeisoma kwanza," Nives akasema.

"Tutasoma tukirudi. Twende kabla ukungu haujatufunga."

Walikipita kisima cha mawe. Sasa, baada ya kisima kile kulikuwa na mlango uliozibwa kwa matofali tangu zamani. Wenyeji wanauhesabu, kwa sababu wazee wao waliuhesabu. Loredana hakuuhesabu. Kwa hiyo alipofika mlango aliouona yeye kuwa wa tatu, ulikuwa wa nne. Nao ulikuwa umeachwa nusu wazi.

"Umeona?" akasema. "Sukumeni tu, amesema."

Ndani palikuwa na joto. Jiko la kuni lilikuwa linawaka, sufuria za shaba zimening'inia ukutani, meza ndefu imefutwa safi. Kioo kilichokuwa kando ya mlango kilifunikwa kitambaa cheupe, na saa ya ukutani ilikuwa imesimama.

"Tazama walivyofanya kazi nzuri," Loredana akasema kwa sauti ya chini, sauti anayotumia makanisani. "Hata moto wamewasha. Kule Toscana wangeweka taa nyekundu ya umeme tu." Akafunua sufuria jikoni. Mvuke ukampanda kwenye miwani. "Nives, hata harufu wameweka."

Nives akachungulia. "Dada, haya ni maharagwe."

"Ya maonyesho."

"Maharagwe ya maonyesho hayaelei na majani ya mrehani."

"Bibi we, huwezi kufurahia kitu hata mara moja?"

Loredana akapanda ngazi. Nives akamfuata nyuma, mkono ukutani, si kwa hamu.

Chumba cha juu kilikuwa kidogo, madirisha yake yamefungwa, na mishumaa miwili ilikuwa inawaka. Kitandani alilala mzee aliyevaa suti nyeusi, tai ya rangi ya divai, rozari imezungushwa kwenye vidole. Alikuwa na pua kubwa nzuri na nyusi nene. Viatu vyake vilikuwa vipya kabisa, soli hazijawahi kukanyaga chini.

"Mama yangu," Loredana akanong'ona kwa kustaajabu. "Hii nta imetengenezwa na fundi hasa. Angalia kucha. Angalia nywele za masikioni, moja moja." Akamkaribia. Akamnyoosha kola, akamgusa shavu kwa mgongo wa kidole. Lilikuwa baridi na gumu kidogo, na akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainama, akaweka kichwa chake karibu na kichwa cha mzee, akanyoosha mkono wenye simu, akatabasamu.

Nives alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anatazama kidevu cha mzee, mahali palipokuwa na mkwaruzo mwembamba wenye kigaga.

"Dada," akasema. "Amejikata na wembe."

"Nani?"

"Huyo. Sanamu la nta halinyolewi."

Loredana hakusogea. Simu ilibaki hewani. Wakasikia ngazi zinalia chini ya mguu wa mtu, polepole, na kitu cha mbao kinagonga ukuta. Akaingia bibi mfupi aliyevaa sweta jeusi, kiti kimoja mkono huu, kingine mkono ule.

Loredana akasimama wima, na mdomo wake, uliozoea kujua la kusema, ukasema la kwanza lililopatikana. "Samahani, mama, hatukukuta mtu mlangoni, na tiketi tulitaka..."

Nives akamkanyaga mguu.

Yule bibi hakusikia, au alisikia lakini hakuelewa. Aliviweka viti chini, akashika mgongo, akawatazama wote wawili.

"Mmekuja," akasema. "Nami nilitoka kidogo tu kwenda kuazima viti. Nisameheni. Mmemkuta peke yake."

Hapo ukweli ulikuwa bado mwepesi. Ungesemwa kwa maneno machache, ukaumiza kidogo, ukapita. Lakini bibi huyu alikuwa anamwomba Loredana msamaha.

"Poleni, mama," akasema.

"Mimi ni Diomira. Sura zenu sizijui, wanangu. Mmetoka wapi?"

"Modena," Nives akasema. "Lakini sisi kwa kweli ni..."

"Modena." Diomira akakaa kwenye kimoja cha viti vyake, mkono kifuani. "Modena. Kumbe kuna mtu aliyemkumbuka. Miaka ile alikuwa akiteremka huko kila majira ya baridi, kwenye kiwanda cha nyama, mimi nikibaki hapa na watoto. Kila Pasaka alirudi, ukimuuliza kulikuwaje, anasema kulikuwa na baridi. Basi. Baba yenu alifanya kazi naye?"

Alimtazama Loredana. Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba, na yamejaa kitu ambacho Loredana hakukitarajia, nacho kilikuwa matumaini.

"Ndiyo," Loredana akasema. "Baba yetu."

Nives aligeuka akatazama ukuta.

"Alikuwa akija kula kwetu Jumapili," Loredana akaendelea, kwa maana uongo wa kwanza hauwezi kusimama peke yake, huomba mwenzake wa kuuegemea. "Sisi tulikuwa wadogo. Tulimpenda sana."

"Alikuwaje? Niambie. Hapa sote tunamjua wa hapa. Wa huko simjui."

Loredana alimtafuta mtu kichwani, yeyote, akampata mjomba wake marehemu, ndugu wa mama, aliyekuwa akijaza nyumba kwa kelele. Akamwazima. "Alikuwa mchangamfu. Baada ya chakula alituimbia."

"Evaristo," Diomira akasema. "Aliimba?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa hata kanisani alifunga mdomo. Nilidhani Mungu hakumpa sauti." Akacheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. Akageuka kumtazama mumewe kitandani, kama mke anavyomtazama mume aliyechelewa kurudi.

Majirani walianza kuingia muda si mrefu baadaye. Diomira hakukubali wageni wa Modena waondoke; aliwateremsha jikoni, akawapa kahawa, akawakalisha mahali pa heshima, karibu na jiko. Loredana alikunywa kahawa ile bila kuhisi ladha yake. Kila mara alipotaka kuinuka, mtu alimshika mkono akamshukuru kwa kuja kutoka mbali.

Akaingia Iole na sinia kubwa la tambi za kuoka lililofunikwa taulo, kwa sababu kwao majirani humletea mfiwa chakula. Alipowaona, alisimama na sinia lake.

"Kumbe mlimjua Evaristo?"

"Baba yao alifanya naye kazi Modena," Diomira akajibu kwa niaba yao. "Alikuwa akiwaimbia."

Iole akaliweka sinia mezani polepole. "Asubuhi hukuniambia," akamwambia Loredana.

"Sikujua kama ndiye."

"Ehe," Iole akasema.

Pembeni alikaa mzee mmoja mwembamba aitwaye Quinto, mpiga kengele wa kanisa, aliyecheza karata na marehemu tangu ujanani. Huyu naye akauliza, si kwa shari, kwa udadisi tu: "Alikuwa anaimba nini? Maana huyu bwana, mlevi akianza kuimba baani, yeye alichukua kofia akaenda zake. Mara ngapi ameniacha na karata nzuri mkononi."

Wote walikuwa wanamtazama Loredana.

"Nyimbo za zamani," akasema. "Za mapenzi."

Akaujua uzito wa neno hilo lilipokwisha kutoka. Quinto alitazama vidole vyake. Diomira, aliyekuwa anakata mkate, aliendelea kukata, vipande vyembamba sana, kisha akaweka kisu. "Za mapenzi," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. Akafuta mikono, akasema anakwenda kuona kama mishumaa haijaisha, akapanda juu.

Nives akamvuta dada yake nje, kwenye ukungu, mpaka kwenye ule mlango uliozibwa matofali.

"Umemwibia mume wake," akasema. "Na bado hajazikwa."

"Nilitaka kumfariji."

"Ulitaka kujificha. Nimekaa pale nakutazama, dada. Mimi naendesha basi la watoto, namjua mtu anayejificha."

"Na wewe mbona hukusema?"

"Kwa sababu na mimi naona aibu. Lakini aibu yangu ni ya kunyamaza. Ya kwako inazaa."

Loredana akatazama mawe ya kichochoro, yaliyolowa, yaliyosuguliwa na miguu ya watu wasiohesabika, na kwa mara ya kwanza tangu wafike hakuyaona mazuri. Akarudi ndani. Jikoni mazungumzo yalikatika alipopita. Akapanda ngazi.

Mlango wa chumba haukufungwa. Diomira alikuwa amekaa kitandani karibu na miguu ya mumewe, mkono wake juu ya kiatu kimoja kipya, na alikuwa anasema naye.

"Ulimwimbia nani, Evaristo? Watoto wa watu, sawa, watoto wa watu. Lakini nyimbo za mapenzi haziimbiwi watoto. Nilikaa hapa na theluji mpaka dirishani, nikapasua kuni, nikamzaa Mirella na mkunga amekwama njiani. Wewe huko unaimba. Na uliporudi ukaniambia kulikuwa na baridi." Akamnyooshea kamba ya kiatu. "Mimi ningekusikiliza tu. Hata ungeimba vibaya."

Loredana alisimama pale kwenye ngazi, na aibu iliyompata haikuwa ile ya mwanzo, ya kukosea nyumba. Ile ilikuwa aibu ya mtu aliyejikwaa mbele za watu. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Yeye alikuwa amemtungia maiti aibu ambayo hakuwa nayo, akamwachia mkewe aioshe.

Akaingia.

"Mama Diomira, mimi sikumjua mumeo."

Bibi hakugeuka.

"Sikumjua. Baba yangu pia hakumjua. Hakuja kula kwetu, hakutuimbia. Aliyekuwa akiimba ni mjomba wangu. Tulikuwa tunatafuta Nyumba ya Mfumaji, tukakosea mlango, tukaingia tukidhani ni hapa."

"Hapa," Diomira akasema.

"Ndiyo."

"Na yeye? Mlidhani ni nani?"

Loredana alitamani swali hilo lisiulizwe. "Nilidhani ni sanamu."

Mishumaa ilikuwa inatoa kisauti kidogo. Diomira aligeuka sasa, akamtazama vizuri, kuanzia viatu vya kutembelea mpaka simu iliyoning'inia shingoni.

"Kwa hiyo hakuimba."

"Mimi sikumsikia, mama. Sijui zaidi ya hapo."

"Hakuimba," Diomira akasema. Mabega yake yakashuka, akavuta pumzi ndefu. "Na mimi nimekaa hapa namgombeza. Saa zake za mwisho ndani ya nyumba yake, namgombeza." Akamsugua mumewe mguu juu ya suruali, mara mbili tatu, kwa haraka, kama anayefuta vumbi. Halafu hasira ikaja, nayo ilikuja bila kelele. "Ulimgusa?"

"Shavu. Na kola."

"Na nini tena?"

Loredana angeweza kuishia hapo. "Nilipiga picha naye."

"Nionyeshe."

"Mama, tafadhali, acha niifute tu."

"Nimesema nionyeshe."

Akamwonyesha. Diomira aliishika simu mbali na uso, kama wafanyavyo wazee wasiokuwa na miwani karibu, akaitazama picha kwa muda mrefu: pua kubwa ya mumewe, mshumaa, na uso wa mwanamke mgeni anayetabasamu meno yote. Loredana alitazama sakafu. Alitamani apigwe kofi, amalizane na siku hiyo.

"Tai imekaa upande," Diomira akasema.

Akamrudishia simu, akainuka, akamwinamia mumewe. Tai kweli ilikuwa imevutika pale kola iliponyooshwa. Fundo halikukubali. "Maisha yake yote alijifunga mwenyewe," akasema, si kwa Loredana hasa. "Jana usiku ndiyo mara yangu ya kwanza. Ilinichukua muda mrefu kuikalisha." Loredana akasogeza mkono, bila kufikiri, kutaka kusaidia.

"Usimguse."

Mkono ukarudi. Diomira akahangaika na fundo mpaka likakaa, si vizuri sana. Kisha akakaa tena.

"Ifute hiyo picha. Halafu shuka ukawaambie. Mimi nimekwisha kuwaambia watu kwamba mume wangu alikuwa mwimbaji. Sina nguvu ya kuwaambia kwamba hakuwa."

Loredana aliifuta mbele yake. Akashuka.

Alisema akiwa amesimama katikati ya jikoni, mikono imeshikana, mbele ya watu ambao dakika chache zilizopita walikuwa wanamshukuru. Hakupunguza. Alisema kuhusu mlango, kuhusu sufuria aliyoifunua, kuhusu nta, kuhusu picha, kuhusu mjomba. Sauti yake ilikuwa ndogo na hakuitambua. Nives alikuja akasimama kando yake, bega kwa bega, na hilo tu ndilo lililomzuia asikimbie.

Alipomaliza, Quinto alianza kutikisika. Watu walidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha kifua kibovu, machozi yakimtoka. "Sanamu," akasema. "Maskini Evaristo. Mara zote nilimwambia, wewe unakaa kama sanamu." Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kilio kweli, na mwanamke mmoja akamsogezea glasi ya maji.

Iole hakucheka. "Asubuhi nilikuambia kuna msiba."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimesimama mbele yako."

"Ndiyo, Iole."

Iole akaenda kwenye mlango, akaufungua wote, akaushika. Ukungu ukaingia kidogo jikoni, na hao dada wawili wakatoka.

Hawakuwa na pa kwenda ila kwa Iole huyohuyo. Barabara ya kuteremka mlimani ilikuwa haionekani, na Nives alikataa kuendesha. Jioni Iole aliwapa supu, mkate na jibini, akauliza kama chumba kina joto la kutosha, kama mwenye nyumba anavyopaswa kuuliza. Chumba kilikuwa na joto. Loredana alilala amegeukia ukuta. Nives alimwita mara moja, naye Loredana akajifanya amelala.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka. Jua lilikuwa limepiga mji wote, theluji kwenye mapaa inang'aa, kila jiwe liko mahali pake. Hiyo ndiyo siku ambayo Loredana alikuwa ameifuata kutoka Modena. Aliinamisha kichwa akavuta sanduku lake. Alitaka kufika kwenye gari kabla mtu hajamwona. Lakini magurudumu ya masanduku juu ya mawe yale yalitoa kelele kama mkokoteni wa chupa, na katika kichochoro kitupu kelele hiyo ilikwenda mbele yao ikawatangaza nyumba kwa nyumba.

Chini ya kanisa wakakutana na jeneza.

Gari la maiti haliwezi kuingia kwenye vichochoro vya Serrafosca, kwa hiyo watu hubeba. Walikuwa wanaume sita, wengine wazee mno kwa kazi hiyo. Mbele alikwenda padri, nyuma Diomira aliyeshikwa mkono na binti yake Mirella, aliyefika usiku huo kutoka Roma, kisha majirani. Hakukuwa na njia nyingine ya kupita. Loredana na Nives wakainua masanduku, wakajibana kwenye ukuta, na wakainamisha vichwa wapitwe.

Padri akapita. Jeneza likapita karibu sana, Loredana akasikia mbao zinalia na pumzi za wabebaji. Akafumba macho. Alipoyafumbua, Diomira alikuwa amesimama mbele yake, na msafara wote nyuma umesimama naye.

"Ndio hao?" Mirella akamuuliza mama yake.

"Ndio."

Mirella aliwatazama kwa uso mkavu. Diomira akavuta shali lake.

"Msisimame pembeni kama watu wa kutazama," akasema. "Ingieni nyuma."

Akaendelea na safari yake. Dada wale wakaacha masanduku ukutani, wakangoja watu wote wapite, wakaingia mwisho kabisa. Hakuna aliyewasemesha. Njia ya makaburini ilitoka nje ya lango, ikazunguka mwamba, upande wenye kivuli ambapo theluji ilikuwa imeganda. Quinto, aliyekuwa anabaki nyuma kwa sababu ya kifua chake, alitembea karibu nao kwa kitambo. Mahali fulani alimshika Loredana kiwiko. "Polepole hapo. Panateleza," akasema, akamwachia.

Makaburi ya Serrafosca ni ukuta mrefu wenye vyumba vya kuwekea majeneza, kimoja juu ya kingine. Walimsukuma Evaristo ndani ya chake, na fundi akachanganya saruji yake, akaanza kupanga matofali, bila haraka. Desturi ni kungoja mpaka tofali la mwisho. Baridi ilikuwa inachoma miguu. Loredana hakupiga picha, hakutazama milima iliyokuwa wazi nyuma ya ukuta wote mpaka upande wa bahari. Alitazama mikono ya fundi, kwa sababu hapo ndipo wengine wote walipotazama.

Kazi ilipoisha, Diomira alikwenda kusimama penye geti na binti yake, na watu wakapanga mstari kumpa mkono. Loredana akabaki nyuma.

"Twende," Nives akamwambia.

"Sina haki ya kwenda."

"Huna. Twende hivyohivyo."

Mstari ulisogea. Iole alikuwa mbele yao. Alimkumbatia Diomira, wakasemezana kwa lugha yao ya mlimani, Iole akapita. Nives akatoa mkono, akasema pole, akapita. Ikawa zamu ya Loredana. Alikuwa ameandaa maneno tangu kwenye matofali ya kwanza, maneno mazuri, ya msamaha. Diomira alimpa mkono uliokuwa baridi na mkavu, mkono uleule aliompa kila mtu, usiobana wala usiolegea.

"Asante kwa kuja," akasema, kama alivyomwambia kila mtu.

Maneno yote aliyoyaandaa, Loredana hakuyasema. Kulikuwa na watu nyuma yake wanangoja, na bibi yule alikuwa amechoka, amesimama kwenye theluji kwa viatu vyembamba. Loredana akainamisha kichwa, akauachia mkono, akasogea ili mwingine apite.

Akamfikia Nives. Wakapanda kuchukua masanduku yao, wakayabeba mikononi mpaka langoni, wakashuka mlima. Wateja kule Modena walipomuuliza safari ilikuwaje, kwa kuwa walijua angekuwa na mengi ya kusimulia, Loredana aliwaambia kwamba kulikuwa na baridi.